Klabu ikiuza mchezaji tegemeo katikati ya msimu, shabiki ana haki ya kudai nini?

Mwanatawi wa Temeke ameuliza:

Ndugu zangu wapenzi wa soka, naomba tujadili jambo ambalo limenikaa moyoni kwa zaidi ya miaka 10, na ambalo juzi lilizuka upya kwenye kijiwe chetu cha kahawa. Vijana wawili walikuwa wakibishana kuhusu namna Stephane Aziz Ki alivyoondoka Yanga kwenda Wydad ya Morocco mwishoni mwa Mei 2025, ilhali ligi ilikuwa bado haijamalizika. Mmoja alisema klabu ilifanya biashara nzuri, mwenzake akasema hakuna biashara inayoweza kuhalalisha kumwondoa kiungo wa namna ile kabla kombe halijatua kabatini. Mimi ni mtu wa Msimbazi, yaani shabiki wa Simba, kwa hiyo sikuwa na hisa katika ubishi huo, lakini nilijikuta nimenyamaza kwa sababu mawazo yangu yalikuwa yamerudi Januari 2013.

Kwa wadogo zangu ambao hamkuwapo au mlikuwa watoto, nieleze kidogo. Tarehe 6 Mei 2012 Simba iliifunga Yanga mabao 5-0 Uwanja wa Taifa, na Emmanuel Okwi, winga kutoka Uganda, alifunga mawili kati ya hayo. Sisi tulikuwa mabingwa. Mgeni akikuuliza siku zile Simba ni nani, ungeweza kutaja jina la Okwi na ukawa umejibu. Msimu uliofuata tukaanza tukiwa na matumaini makubwa, mbele yetu tukiwa na ligi ya kutetea na Ligi ya Mabingwa Afrika iliyokuwa ianze Februari. Ndipo Januari 2013, katikati kabisa ya msimu, tukatangaziwa kwamba Okwi ameuzwa Étoile du Sahel ya Tunisia kwa dola 300,000, ambazo kwa thamani ya siku hizo zilikuwa takriban shilingi milioni 480.

Sitaki kudanganya kwamba sote tuliumia siku ile ile. Kwenye tawi letu wapo waliopiga makofi, kwa sababu kiasi hicho kilikuwa kikubwa kwa klabu ya Tanzania, na kwa sababu tuliamini kwamba zitanunuliwa nyasi za uwanja wetu wenyewe, atasajiliwa mshambuliaji mwingine, na maisha yataendelea. Tarehe 17 Februari nilikuwa jukwaani Uwanja wa Taifa tulipofungwa 1-0 na Recreativo do Libolo ya Angola, na wiki mbili baadaye tukafungwa 4-0 kwao Calulo. Kwenye ligi tulimaliza nafasi ya tatu, nyuma ya Yanga waliotwaa ubingwa na Azam walioshika nafasi ya pili. Fedha nazo hazikuja kwa wakati. Shauri likaenda FIFA na kuchukua miaka. Tulikuwa tumempoteza mchezaji, tumepoteza msimu, na mkononi hatukuwa na kitu.

Kwa hiyo swali langu ni hili, na naomba mlijibu kwa utulivu bila kulifanya la utani wa jadi: hivi kosa ni kuuza katikati ya msimu, au kosa ni namna tunavyouza? Na sisi mashabiki, ambao hatuketi kwenye meza ya mazungumzo na hatuoni mkataba, tuna haki ya kudai nini pale jambo kama hili linapotokea, zaidi ya kukasirika na kuacha kwenda uwanjani?

---

Mwanajangwani wa Mabibo amejibu:

Shikamoo mzee wangu, na nakushukuru kwa kulileta jambo hili kwa heshima hata kwetu sisi wa upande wa pili.

Nitaanza na Aziz Ki kwa kuwa ndiye aliyewasha moto kijiweni kwenu. Ni kweli niliumia. Mtu aliyekuwa mfungaji bora wa ligi msimu wa 2023/24 kwa mabao 21 akiwa anacheza kiungo haondoki ukabaki unalala usingizi mzuri, na hasa pale unapojua kwamba mchezo dhidi ya Simba, uliokwama tangu Machi, bado haujachezwa. Lakini nilipotulia na kuipima hali yetu, niliona kwamba wakati ule klabu ilikuwa na nafasi ya kuuza bila kujiumiza. Ligi ya Mabingwa Afrika tulikuwa tumeshatolewa tangu Januari kwenye hatua ya makundi. Mechi za ligi zilizobaki zilikuwa za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Safu ya mbele ilikuwa na Clement Mzize na Prince Dube, na nyuma yao alikuwapo Pacome Zouzoua. Wydad walikuwa wanakwenda Kombe la Dunia la Klabu nchini Marekani mwezi Juni, kwa hiyo walimhitaji wakati ule ule na si baadaye. Muuzaji yeyote anajua kwamba mnunuzi mwenye haraka ndiye wa kukaa naye mezani. Tarehe 25 Juni tuliwafunga ninyi 2-0, Pacome na Mzize wakifunga, tukachukua ubingwa, na siku chache baadaye tukachukua Kombe la CRDB pia. Nikisoma maelezo yako kuhusu Okwi naona Simba ya 2013 haikuwa na hata moja kati ya hayo: michuano ya Afrika ilikuwa mwezi mmoja mbele, mzunguko mzima wa pili ulikuwa haujaanza, na wa kuziba pengo lile hakuonekana.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza ni kwamba tarehe peke yake si kosa. Kinachopaswa kuulizwa ni kitu gani kimebaki mbele ya timu siku mchezaji anapoondoka.

Naomba niongeze kisa cha upande wa pili, ambapo klabu ilikataa kuuza. Desemba 2022 Feisal Salum alitaka kuvunja mkataba wake na Yanga, akaweka shilingi milioni 112 kwenye akaunti ya klabu, akaamini mambo yamekwisha. Uongozi ulikataa, Januari 2023 shirikisho la soka la nchi, TFF, likaamua kwamba bado ni mchezaji wetu, na suala likaburuzika hadi Juni alipokwenda Azam. Wakati ule mimi nilikuwa miongoni mwa waliosema kwa sauti kubwa kwamba mkataba ni mkataba. Leo nikitazama nyuma, nakiri kwamba tulimshikilia mtu ambaye hakutuchezea, tukamrushia maneno makali kijana ambaye tulikuwa tunaliimba jina lake, na timu ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya USM Alger bila yeye. Tulimkosa uwanjani miezi yote hiyo, na bado mwishowe akaondoka. Naeleza haya kwa sababu mashabiki tunadhani kwamba kutouza maana yake ni kubaki na mchezaji, wakati mara nyingine unabaki na karatasi tu.

---

Mchimbaji wa Geita amejibu:

Nimesoma yote mawili kwa makini na ninaheshimu maumivu yenu, lakini naomba mnivumilie niseme jambo ambalo mashabiki wa klabu kubwa za Dar es Salaam hamlitaji kamwe katika mijadala ya namna hii. Hicho mnachokilalamikia kikitoka Tunisia au Morocco, ndicho mnachotufanyia sisi kila dirisha dogo, yaani usajili wa katikati ya msimu, linapofunguliwa.

Msimu wa 2022/23 sisi Geita Gold tulikuwa na Saido Ntibazonkiza, fundi wa Burundi ambaye umri ulikuwa umemwongezea akili badala ya kumpunguzia miguu. Watu walikuwa wanatoka migodini na kukimbilia uwanjani ili wamwone akipiga mpira wa adhabu. Desemba 2022 akaenda Simba. Mwisho wa msimu akawa mfungaji bora kwa mabao 17, sawa na Fiston Mayele wa Yanga, na katika magazeti anasomeka kama mchezaji wa Simba. Msimu mmoja kabla yake, mfungaji bora wa ligi alikuwa George Mpole, naye kwa mabao 17, naye akiwa wa kwetu, na baadaye akaenda Lupopo ya Kongo. Fikirini klabu ya mkoa ambayo ndani ya misimu miwili imepitiwa na wafungaji bora wawili na haikubaki na hata mmoja. Msimu wa 2023/24 tulishuka daraja.

Sisemi kwamba tulishuka kwa sababu ya Saido peke yake, maana timu inashuka kwa mambo mengi na mengine ni makosa yetu wenyewe. Wala simlaumu mchezaji, ambaye alikuwa na haki ya kwenda kucheza mbele ya watu 60,000. Ninachosema ni kwamba maumivu ya kuondokewa katikati ya msimu si sawa kwa wote. Simba ilipomkosa Okwi ilimaliza ya tatu. Yanga ilipomkosa Aziz Ki ilikuwa bingwa. Klabu ndogo ikiondolewa mfungaji wake Desemba, inacheza mzunguko mzima wa pili ikiwa na hofu, kocha anabadilisha mfumo mara tatu, wachezaji waliobaki wanaanza kutafuta simu za mawakala, na wale mashabiki wachache waliokuwa wakilipa kiingilio wanarudi kutazama Simba na Yanga kwenye runinga. Na mara nyingi ada inayolipwa ni ndogo, au hakuna kabisa kwa kuwa mkataba ulikuwa mfupi au ulikuwa umeandikwa vibaya.

Mzee Mwanatawi, umeuliza shabiki ana haki ya kudai nini. Mimi ningedai kwanza kwamba klabu isimpe mchezaji tegemeo mkataba wa msimu mmoja halafu ikashangaa akiondoka. Hilo linafanyika Julai, siyo Januari, na mashabiki tunapaswa kuuliza Julai.

---

Mhasibu wa Nyamagana amejibu:

Naomba nijibu sehemu ya fedha, kwa kuwa ndiyo kazi yangu ya kila siku, ingawa si kwenye klabu ya mpira.

Mkulima wa pamba hapa Mwanza akimpa mnunuzi mzigo wake wote kwa ahadi kwamba atalipwa wiki ijayo, majirani watamshangaa. Lakini klabu inapotangaza kwamba imeuza mchezaji kwa dola 300,000, sote tunahesabu kana kwamba fedha hizo ziko benki. Bei ya mauzo na fedha iliyopokelewa ni vitu viwili tofauti, na katika mauzo mengi ya wachezaji ada hulipwa kwa awamu. Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo shabiki au mwanachama anapaswa kuuliza kwenye mkutano si kwamba ameuzwa kwa kiasi gani. Aulize kiasi gani kimelipwa kabla mchezaji hajapanda ndege, awamu zilizobaki zina tarehe zipi, na kuna dhamana gani ya benki endapo mnunuzi hatalipa. Kiongozi anaweza kukataa kutaja kiasi kwa sababu ya usiri wa mkataba, na hilo linaeleweka, lakini hana sababu ya kukataa kusema kama awamu ya kwanza imeingia au haijaingia.

Kisa cha Okwi kinafundisha sana kwa sababu mambo yote mawili yaliharibika kwa wakati mmoja. Klabu iliyouza haikulipwa kwa wakati, na mchezaji mwenyewe akaingia kwenye mgogoro na waajiri wake wapya kuhusu mishahara. FIFA ikamruhusu kwa muda achezee SC Villa ya kwao Uganda ili kipaji chake kisife wakati shauri likiendelea, na kufika Desemba 2013 alikuwa amevaa jezi ya Yanga. Yaani ndani ya mwaka mmoja, mtu ambaye Simba ilimuuza Tunisia alikuwa Jangwani, na aliyemuuza bado anadai. TFF ilisimamisha usajili wake Januari 2014 hadi ipate ufafanuzi wa FIFA, kisha akaruhusiwa.

Kanuni zimeboreka kidogo tangu wakati huo. Mwaka 2015 FIFA iliingiza kifungu kinachoiruhusu kuiadhibu klabu inayochelewesha deni kwa zaidi ya siku 30 bila sababu ya msingi, na adhabu yake inaweza kufikia kufungiwa kusajili. Ndiyo maana leo mnasikia mara kwa mara klabu fulani imefungiwa. Mara nyingi nyuma yake kuna mchezaji, kocha au klabu nyingine ambayo haijalipwa. Hata hivyo kifungu kinamsaidia anayedai baada ya kuumizwa. Hakikuzuii kuumizwa.

Kuna fedha nyingine ambayo mashabiki wengi hawaijui, nayo inamgusa moja kwa moja ndugu yangu wa Geita. Mchezaji anapohamishwa kwa ada kutoka nchi moja kwenda nyingine mkataba wake ukiwa bado hai, asilimia 5 ya ada hugawanywa kwa klabu zote zilizomlea kuanzia msimu aliotimiza miaka 12 hadi aliotimiza miaka 23, kila moja kulingana na muda aliokaa nayo. Tangu Novemba 2022 FIFA ina chombo maalumu mjini Paris kinachosimamia malipo hayo. Lakini ili klabu ilipwe, ni lazima kumbukumbu za usajili wa mchezaji ziwe zimetunzwa na shirikisho la nchi, mwaka kwa mwaka. Nimewahi kukaa na kiongozi mmoja wa klabu ya daraja la chini, ambayo sitaitaja, akanionyesha daftari la usajili lililokuwa limeloa maji, kurasa zimeshikana. Kama kijana yeyote aliyeandikwa humo atafika Ulaya, klabu ile itabaki kumpigia makofi mbele ya runinga.

Mwisho, kuna asilimia ya mauzo ya baadaye. Klabu inayouza mchezaji kijana inaweza kuandika kwamba akiuzwa tena, nayo ipate sehemu. Shabiki akiambiwa kwamba mchezaji ameuzwa kwa bei ndogo lakini klabu imebakiza asilimia 15 au 20, hasira zake zinapaswa kupungua kidogo. Asipoambiwa lolote, basi ana haki ya kudhani kwamba hakuna.

---

Mwana K'Ogalo wa Kondele amejibu:

Salamu kutoka Kisumu. Mimi ni shabiki wa Gor Mahia na nimefuatilia mazungumzo haya kwa hamu, kwa kuwa yanatuhusu kwa njia ambayo huenda ndugu zetu wa Simba hawaikumbuki.

Mwaka 2018 ligi yetu ya Kenya ilianza Februari na kumalizika Oktoba. Juni, ambayo kwenu ilikuwa mapumziko baada ya msimu, kwetu ilikuwa katikati kabisa. Tarehe 10 Juni mwaka huo tulicheza fainali ya SportPesa Super Cup kule Afraha, Nakuru, dhidi ya Simba, tukashinda 2-0. Meddie Kagere alifunga la kwanza na Jacques Tuyisenge akafunga la pili, na zawadi yake ilikuwa safari ya Uingereza kucheza na Everton. Tulirudi Kisumu na Nairobi tukiimba. Kabla ya mwezi kwisha Kagere alikuwa mchezaji wa Simba, yaani wa timu ile ile aliyoifunga.

Ligi tuliichukua hata hivyo, maana kikosi kilikuwa kimepanda juu ya wengine. Lakini tulikuwa pia kwenye makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika, pamoja na USM Alger, Rayon Sports na Yanga. Mwanzoni mambo hayakuharibika. Julai tuliifunga Yanga 4-0 Nairobi na 3-2 Dar es Salaam, na wengi tukasema tazama, Tuyisenge yupo, pengo limezibwa. Kisha Agosti ikaja. Tulifungwa 2-1 nyumbani na Rayon Sports, na tukafungwa 2-1 kule Algiers. Tulimaliza na pointi 8. Rayon Sports walikuwa na 9, nao wakaenda robo fainali. Pointi moja, ndugu zangu. Bao moja la kusawazisha siku ile dhidi ya Rayon lingetuweka sisi robo fainali. Siwezi kuthibitisha kwamba Kagere angelifunga, wala hakuna anayeweza. Lakini msimu uliofuata alifunga mabao 23 kwenye ligi ya Tanzania, na uliofuata huo akafunga 22, akiwa mfungaji bora mara zote mbili, na kila bao lake nililoliona kwenye runinga lilinirudisha Agosti ile.

Ninachotaka kuongeza kwenye swali la mzee ni suala la kalenda. Mashabiki wa Tanzania mnazungumza kuhusu dirisha dogo kana kwamba ndilo hatari pekee, lakini nchi zetu zikiwa na kalenda zisizolingana, dirisha kubwa la jirani linaweza kufunguka wakati wewe uko katikati ya vita. Kiongozi wa klabu anayejua kwamba Julai na Agosti ana michezo ya Afrika, na kwamba mkataba wa mshambuliaji wake unaelekea ukingoni, anapaswa kukaa naye Januari. Hapa namuunga mkono kabisa ndugu wa Geita.

---

Binti Msimbazi amejibu:

Naomba niseme kwa niaba ya mchezaji, kwa kuwa ametajwa na kila mtu kama mali.

Januari 2020 Mbwana Samatta aliuzwa na Genk kwenda Aston Villa, katikati ya msimu wa Ubelgiji. Je, kuna Mtanzania aliyesikitika? Tulikesha. Kurasa za Villa zilijaa Kiswahili. Tarehe 1 Februari alipofunga dhidi ya Bournemouth nilimwona baba yangu, mtu asiyecheka ovyo, akitoka nje na kuzunguka nyumba. Mwezi mmoja baadaye alifunga Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, na ingawa Villa walifungwa 2-1, sisi tulikuwa tumeshinda letu. Lakini wakati tunashangilia, walikuwapo watu Genk waliokuwa wamemwona akiwapa ubingwa wa 2018/19, na ambao Januari ile waliondokewa na mshambuliaji wao wakati timu ikiwa tayari inasuasua. Walimaliza msimu wakiwa nafasi ya saba. Sijawahi kusikia Mtanzania hata mmoja akiuliza kama uhamisho ule uliwatendea haki.

Simwambii mzee Mwanatawi kwamba asiumie. Mimi mwenyewe Agosti 2021, Clatous Chama na Luis Miquissone walipoondoka kwa pamoja, niliona kama nyumba imeondolewa nguzo mbili, na ule haukuwa hata katikati ya msimu. Ninachoomba ni kwamba hasira zetu zisimwangukie mchezaji. Yeye ana miaka 10 au 12 ya kucheza, goti moja likikatika inaweza kuwa miaka 4, na mara nyingi ana watu 20 nyuma yake wanaokula kwa mshahara wake. Ofa ikija Januari, hawezi kumwambia mnunuzi asubiri hadi Mei kwa sababu sisi tuna mchezo na Yanga. Okwi alipokwenda Tunisia alikuwa kijana anayefuata maisha. Aliyepaswa kuhakikisha kwamba Simba inalipwa na mbadala anapatikana hakuwa yeye.

Na tukumbuke kwamba alirudi. Msimu wa 2017/18 alifunga mabao 20, akawa mfungaji bora, na tukachukua ubingwa ambao tulikuwa hatujauona tangu ule wa 2012 aliotupa yeye mwenyewe. Kama tungekuwa tumemtukana kiasi cha kutorudi, tungeukosa na ule.

---

Mwanatawi wa Temeke amejibu:

Nimesoma kila neno, na baadhi nimeyasoma mara mbili. Ahsanteni sana.

Mwanangu Binti Msimbazi, umenigusa hasa. Mwaka 2013 nilisema maneno kuhusu Okwi ambayo nisingependa mtu ayakumbuke, na alipotokea na jezi ya Yanga niliyaongeza mara dufu. Sikuwa nimejiuliza alikuwa akiishi vipi miezi ile ambayo hakuwa na mshahara wala timu.

Ndugu wa Geita, nakubali. Nilishangilia mabao ya Saido, yale matano dhidi ya Polisi Tanzania nikiwa nimesimama, na sikuwaza hata siku moja kwamba kuna mji ulioachwa bila yeye. Sijui niseme nini zaidi ya hapo.

Mhasibu, maelezo yako nimeyanakili kwenye karatasi. Nilikuwa nikidhani kwamba kosa la 2013 lilikuwa kuuza Januari. Sasa naona kwamba hata kama tungemuuza Juni, kama tungemtoa bila fedha kuwa zimeingia na bila mtu wa kushika nafasi yake, ningekuwa na kidonda kile kile, tofauti ingekuwa tu kwamba kingeanza kuuma Agosti badala ya Februari. Mrisho Ngassa alikuwapo kwa mkopo kutoka Azam, Felix Sunzu alikuwapo, na kocha Patrick Liewig alijitahidi kuwapa nafasi vijana kama Ramadhan Singano na Haruna Chanongo, ambao walipigana kiume. Lakini vijana wale walipaswa kuingia taratibu nyuma ya Okwi. Wao walitupwa mbele ya Libolo badala yake, na hilo halikuwa haki kwao pia.

Tawi letu lina kikao Jumapili ya kwanza ya mwezi. Nitaomba nafasi ya kuzungumza, na nitapendekeza tumwandikie katibu barua yenye maswali matatu ya kuulizwa kila mchezaji tegemeo anapouzwa, iwe Januari au mwezi wowote: awamu ya kwanza imeingia, nani anachukua nafasi yake, na klabu imebakiza asilimia ngapi. Nitaongeza la nne kutoka Geita na Kisumu, kwamba kila Julai tuelezwe mikataba ya wachezaji 11 wa kwanza inakwisha lini. Wenzangu wengine watasema kwamba hayo si mambo ya mashabiki. Nitawaambia nilikuwa jukwaani tarehe 17 Februari, na kiingilio nililipa mwenyewe.